Chembe na Majirani Zake: Namna Kompyuta Inavyofundishwa Kusahau

Katika Bahari Nyeusi, mita mia moja hivi chini ya uso wa maji, wanaishi bakteria wa kijani wa salfa. Mwanga unaowafikia huko ni hafifu kupindukia, na bado wanautumia kujipikia chakula. Kila chembe ya mwanga inayodakwa na antena zao huacha nishati inayovuka daraja dogo la protini hadi kwenye kituo ambako inageuzwa kuwa kemia ya uhai. Daraja hilo linaitwa FMO, kwa herufi za majina ya Fenna, Matthews na Olson. John Olson aliitenga protini hiyo kwa mara ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1975 Roger Fenna na Brian Matthews wakachapisha umbo lake: molekuli saba za bakterioklorofili zimeshikiliwa ndani ya protini kama taa saba ndani ya fanusi moja. Ya nane iligunduliwa baadaye.

Mwaka 2007 kundi la Graham Fleming katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, lilichukua protini kama hiyo, likaipoza hadi nyuzi 196 chini ya sifuri na kuimulika kwa mapigo mafupi ya leza. Ishara iliyorudi ilikuwa ikipanda na kushuka kwa mpangilio. Aliyewahi kukaa karibu na mpiga udi anayekaza nyuzi kabla ya taarabu kuanza ameshausikia mwenendo huo. Nyuzi mbili za jozi moja zikikaribia kulingana lakini zikawa bado hazijalingana, sauti huvimba na kunywea, ikavimba tena na kunywea. Ndani ya FMO, kuvimba na kunywea huko kuliendelea kwa zaidi ya femtosekunde 660.

Femtosekunde zilizomo katika sekunde moja ni nyingi kama sekunde zilizomo katika karibu miaka milioni 32. Kwa mtu wa kawaida, basi, femtosekunde 660 si kitu. Kwa wanafizikia ulikuwa muda mrefu wa kutisha. Protini ni mahali pa fujo: atomi zake zinatikisika, maji yanaigonga kutoka kila upande, na tabia laini za kwanta zilitarajiwa kufa humo mara moja. Haikuchukua muda habari zikasambaa kwamba usanisinuru unafanya kazi kama kompyuta ya kwanta, na kwamba nishati inajaribu njia zote kwa wakati mmoja kabla ya kuchagua iliyo fupi.

Mhadhara huu unahusu hesabu iliyohitajika ili kuamua kama habari hizo zilikuwa za kweli. Kuiandika haikuwa taabu. Taabu ilikuwa kuikokotoa, na waliofika mbali ni wale waliotafuta namna ya kusahau sehemu kubwa ya mazingira bila kupoteza ile sehemu ndogo iliyo muhimu.

Ukuta wenye masikio

Swichi ya taa ama imewashwa ama imezimwa. Chembe ya kwanta iliyo rahisi kuliko zote nayo ina hali mbili, ila inaweza kuwa na kiasi cha hii na kiasi cha ile kwa wakati mmoja. Namba mbili zinatosha kuieleza. Chembe mbili kwa pamoja zinadai namba nne, tatu zinadai nane, na kila chembe inayoongezwa huzidisha orodha mara mbili. Chembe 10 ni namba 1,024. Chembe 30 ni namba zaidi ya bilioni moja; kila namba ikipewa baiti 16, zinajaza gigabaiti 17, ambazo kompyuta nzuri ya mezani inazimudu. Chembe 50 zingedai gigabaiti milioni 18. Zikifika 300, orodha inazidi idadi ya atomi katika ulimwengu wote unaoonekana.

Na hakuna chembe inayoishi peke yake. Elektroni iliyonaswa katika punje ndogo ya fuwele imezungukwa na makumi ya maelfu ya atomi zinazotikisika. Molekuli ya FMO imezungukwa na protini, na protini imezungukwa na maji. Majirani hao wote wanasikiliza. Chembe ikiwa katika hali ya kwanza, atomi za jirani zinasogea kidogo upande mmoja; ikiwa katika hali ya pili, zinasogea upande mwingine. Siri ya chembe inavuja taratibu kwenda kwa majirani, na mchanganyiko wa hali mbili unapoteza mshikamano wake. Ukuta una masikio, na katika ulimwengu wa kwanta kusikilizwa tu kunatosha kumbadilisha anayesikilizwa.

Anayetaka kuiga mfumo kama huo kwa kompyuta anajikuta njia panda. Akihesabu kila atomi ya mazingira, hakuna mashine duniani itakayobeba orodha yake. Akiyaacha mazingira nje, anapata jibu safi ambalo halihusiani na kitu chochote kilichopo.

Ndoo na bahari

Njia ya mkato iliyotumika kwa miaka mingi inaeleweka kwa kokoto moja. Kokoto ikitupwa baharini, vijiwimbi vinakwenda zao na havirudi. Ikitupwa ndani ya ndoo, vijiwimbi vinagonga ukingo na kurejea pale kokoto ilipoangukia. Mazingira ya kwanza hayana kumbukumbu. Ya pili yanayo.

Mwaka 1976 Göran Lindblad wa Sweden, na katika kazi nyingine ya mwaka huohuo Vittorio Gorini, Andrzej Kossakowski na George Sudarshan, walitoa umbo la jumla la mlinganyo wa mazingira ya aina ya bahari. Ni mlinganyo mwepesi, kwa sababu hali ya mfumo hatua ijayo inategemea hali yake ya sasa tu. Kwa atomi inayotoa mwanga kwenye nafasi tupu, mlinganyo huo unafanya kazi vizuri sana: mwanga ukishaondoka, umeondoka.

FMO ni ndoo. Nguvu inayoziunganisha molekuli zake inakaribiana na nguvu inayoziunganisha na protini, na protini inachukua kujituliza muda unaokaribiana na ule wa nishati kuruka kutoka molekuli hadi molekuli. Hakuna upande ulio mdogo kiasi cha kupuuzwa. Kile ambacho molekuli iliifanyia protini muda mfupi uliopita kinairudia nishati ikiwa bado njiani.

Ufunguo wa ndoo ulikuwapo tangu 1963. Mwaka huo Richard Feynman na Frank Vernon, aliyekuwa mwanafunzi wake huko Caltech, walionyesha kwamba si lazima kufuatilia kila atomi ya mazingira. Kinachotakiwa ni kujua mazingira yanaurudishia mfumo nini, na baada ya muda gani, kwa kila jambo ambalo mfumo uliyafanyia. Katika mtindo wa Feynman, kila njia ambayo mfumo ungeweza kupita tangu mwanzo hadi mwisho inapewa uzito, kisha njia zote zinajumlishwa. Ushawishi wa mazingira yote, yawe na atomi mia au bilioni, unaingia ndani ya uzito huo.

Amir Caldeira, Mbrazili aliyekuwa akisomea uzamivu katika Chuo Kikuu cha Sussex, na msimamizi wake Anthony Leggett waliitumia hoja hiyo mwaka 1981 kujibu swali lililoonekana la kichaa: je, saketi ya umeme, yenye elektroni mabilioni na msuguano wake wote, inaweza kupenya kizuizi kama inavyopenya chembe moja ya kwanta? Jibu lao lilikuwa kwamba msuguano unapunguza kupenya huko, lakini haukufuti. Mwaka 1984 na 1985 John Clarke, Michel Devoret na John Martinis walilithibitisha jambo hilo maabara huko Berkeley kwa saketi za kipitishi kikuu. Kazi hiyo iliwapa Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 2025.

Njia nyingi mno

Fomula ya Feynman na Vernon ni sahihi, ila ina njaa. Muda ukigawanywa katika hatua, mfumo wenye hali mbili una chaguo nne katika kila hatua, kwa kuwa hesabu inafuatilia nakala mbili za historia, moja ikisomwa mbele na nyingine kinyume, na mbili kwa mbili ni nne. Nancy Makri na Dmitrii Makarov wa Chuo Kikuu cha Illinois walitoa mwaka 1995 njia ya kuipunguza njaa hiyo. Vijiwimbi vya ndoo navyo hufifia hatimaye, kwa hiyo inatosha kukumbuka hatua chache zilizopita na kuyatupa yaliyo nyuma zaidi.

Chache ngapi? Kumbukumbu ya hatua 10 ni historia 1,048,576, na kompyuta yoyote inazibeba. Kumbukumbu ya hatua 20 ni historia zaidi ya trilioni moja, yaani terabaiti 17 na ushei. Ongezeko la hatua kumi linamtoa mtafiti kwenye kompyuta ya mapajani na kumpeleka kwenye jengo zima la mashine. Mazingira mengi ya kweli yanakumbuka zaidi ya hapo.

Huko Japani, Yoshitaka Tanimura na Ryogo Kubo walikuwa wameshafungua njia nyingine mwaka 1989. Waliugeuza ushawishi wa mazingira kuwa ngazi ya milinganyo, kila kidato kikikisahihisha kilicho juu yake. Njia hiyo inang'ara pale ambapo mazingira yana joto na umbo rahisi. Joto likishuka au mitikisiko ikiwa ya aina nyingi, ngazi inarefuka hadi haipandiki.

Kitabu cha muuza kanga

Mwanya ulipatikana kwa kuangalia ni kiasi gani cha zile trilioni za historia kilikuwa habari ya kweli. Mfano wake uko dukani.

Achukuliwe muuza kanga wa jumla anayetaka jedwali la bei. Mistari ya jedwali ni idadi ya doti, kuanzia 1 hadi 1,000. Safu zake ni bei elfu moja tofauti za doti moja, kwa kufuata kiwanda na uzito wa kitambaa. Jedwali zima lina visanduku milioni moja, na hakuna muuzaji mwenye akili timamu atakayeketi kulijaza. Anahitaji orodha mbili tu, ya idadi na ya bei, kisha anazidisha. Namba 2,000 zimefanya kazi ya milioni. Akiongeza ujira wa mkokoteni, unaotegemea idadi ya doti lakini haujali bei, jozi moja ya orodha haitoshi tena. Anaongeza jozi ya pili na namba zinakuwa 4,000. Bado ni nafuu kubwa. Lakini akianza kupanga bei ya kila kisanduku kwa kadiri alivyoamka siku hiyo, bila kanuni yoyote, jozi zinaongezeka na kuongezeka hadi nafuu yote inapotea.

Jedwali la historia za kwanta linaweza kufanyiwa vivyo hivyo. Hesabu ya kulivunja jedwali kuwa jozi za orodha, na kuzipanga kuanzia yenye uzito mkubwa hadi isiyo na uzito, inajulikana tangu miaka ya 1870. Mwaka 1992 Steven White wa Marekani aliitumia kwa mnyororo wa sumaku ndogo za kwanta: alibakisha jozi nzito, akazitupa nyepesi, akapata majibu yenye usahihi ambao haukuwahi kuonekana. Mnyororo ambao orodha yake kamili isingeenea popote ulitoshea kwenye mashine ya kawaida.

Mnyororo wa White ulipangwa katika nafasi, sumaku moja ikifuata nyingine. Mwaka 2018 Aidan Strathearn, Peter Kirton, Dainius Kilda, Jonathan Keeling na Brendon Lovett, wengi wao wakiwa Chuo Kikuu cha St Andrews huko Uskoti, walichapisha njia inayoupanga mnyororo katika wakati. Kila pete ni hatua moja ya muda, na kinachopita kutoka pete hadi pete ni kumbukumbu ya mazingira. Waliiita TEMPO. Kila hatua mpya inapoongezwa, kompyuta inapitia mnyororo mzima, inavunja majedwali kuwa jozi, na kutupa zile ambazo uzito wake uko chini ya kiwango kilichowekwa. Kumbukumbu ya mamia ya hatua ikawezekana. Kwa hatua 200, idadi ya historia ni namba yenye tarakimu 121. Baada ya kufupishwa, iliingia kwenye kompyuta moja.

Mtafiti hakuambiwa akisie kipi ni muhimu katika mazingira. Anaweka kiwango cha kosa analoweza kulivumilia, na ufupisho unaamua mengine. Akilikaza kosa hilo mara kumi zaidi na jibu lisibadilike, anajua ameliona jibu lenyewe.

Kipande kwa kipande

TEMPO ilidai mazingira ya aina moja: mitikisiko laini, kama ya chemchemi nyingi zilizopangwa pamoja. Mwaka 2022 Moritz Cygorek, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Heriot-Watt mjini Edinburgh, pamoja na Erik Gauger na wenzao wa St Andrews na Bayreuth, walitoa njia waliyoiita ACE isiyo na sharti hilo. Mazingira yanakatwa vipande. Kipande cha kwanza kinafupishwa, cha pili kinaunganishwa nacho, vyote viwili vinafupishwa tena, na kazi inaendelea hivyo hadi mazingira yote yameingia. Yanaweza kuwa elektroni za metali, sumaku ndogo za atomi jirani, au mitikisiko ya fuwele na mwanga kwa pamoja.

Mwaka 2024 baadhi ya watafiti haohao waliongeza hila nyingine. Mazingira yasiyobadilika yanafanya jambo lilelile katika kila hatua. Mnyororo wa hatua moja unaweza basi kuunganishwa na nakala yake kuwa wa hatua mbili, mbili zikawa nne, nne zikawa nane. Kurudufu mara 20 kunavuka hatua milioni moja.

Kazi hiyo ina wateja wanaosubiri. Mmoja ni nukta ya kwanta, punje ya fuwele inayotoa fotoni, yaani chembe za mwanga, moja baada ya nyingine kwa ajili ya mawasiliano yasiyodukuliwa. Pigo la leza lenye nguvu inayofaa linaipandisha elektroni ya nukta hiyo. Pigo lenye nguvu zaidi linaipandisha na kuirudisha chini. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield walipima jinsi panda-shuka hiyo inavyonywea kadiri leza inavyokazwa, na wakaonyesha kwamba chanzo ni mawimbi ya sauti ndani ya fuwele. Cha ajabu, miaka mitatu kabla ya hapo Alexei Vagov na wenzake walikuwa wamekokotoa, kwa njia ya kujumlisha historia, kwamba leza ikikazwa kupita kiwango fulani panda-shuka itarejea. Elektroni inageuka haraka mno, na atomi za fuwele, zilizo nzito, zinashindwa kuifuata. Mlinganyo usio na kumbukumbu hauwezi kulieleza jambo hilo, kwa sababu katika mlinganyo huo mazingira hayachelewi kamwe.

Mteja mwingine ni mjenzi wa kompyuta za kwanta. Feynman alipendekeza mwaka 1981 kwamba mifumo ya kwanta iigwe kwa mashine za kwanta zenyewe. Mashine hizo sasa zipo, na adui yao mkubwa ni majirani walewale wanaosikiliza.

Kurudi kwenye fanusi

Mwaka 2009 Akihito Ishizaki na Fleming walitumia njia ya ngazi kuiga FMO. Hesabu yao, iliyoihesabu protini pamoja na kumbukumbu yake, ilionyesha kwamba mshikamano wa kwanta unaweza kudumu mamia kadhaa ya femtosekunde hata katika joto la kawaida la kiumbe. Kwa muda, nadharia na jaribio la 2007 vilionekana kushikana mikono.

Kisha maelezo yakaongezeka. Hesabu ya 2009 iliichukua protini kama kitu kinachotulia kwa ulaini. Bakterioklorofili halisi ina mitikisiko yake ya ndani, mikali, yenye sauti maalumu, na inayodumu muda mrefu. Mitikisiko hiyo nayo ni ya kwanta, nayo huvimba na kunywea katika ishara ya leza. Mwaka 2017 kundi la Hamburg lililowahusisha Michael Thorwart na R. J. Dwayne Miller lilirudia upimaji wa FMO, safari hii katika joto la kawaida, na kuuchambua kwa uigaji. Mshikamano wa elektroni ulikufa ndani ya femtosekunde 60. Kuvimba na kunywea kwa muda mrefu kulitokana na mitikisiko ya molekuli. Mwaka 2020 watafiti wa makundi mbalimbali waliandika pamoja tathmini ya uwanja mzima na kufikia hitimisho la namna hiyo: mshikamano wa muda mrefu kati ya elektroni hauonekani kuwa na kazi katika usanisinuru.

Kwa wenye fani, kesi hiyo iliacha swali la kiufundi: mpaka kati ya mfumo na mazingira uchorwe wapi? Mtikisiko unaodumu kuliko kitu kinachochunguzwa hauwezi kuhesabiwa kama kelele za nyuma. Ama uingizwe ndani ya mfumo, ama mazingira yapewe kumbukumbu ndefu ya kutosha kuubeba. Uigaji wa minyororo iliyofupishwa unaiwezesha njia ya pili. Bado una gharama. Molekuli nane, kila moja ikiwa na makumi ya mitikisiko mikali, katika baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, zinaongeza jozi za orodha kwa kasi, na mazingira yanaanza kufanana na yule muuza kanga asiye na kanuni.

Ndani ya bakteria, wakati huohuo, nishati inashuka kutoka molekuli ya juu ya FMO hadi ya chini kwa femtosekunde elfu chache, na kila inaporuka ziada yake ndogo inapokelewa na protini kama joto. Protini iliyodhaniwa kuivuruga safari ndiyo inayoizuia nishati isirudi ilikotoka.